Mkia wa Namba

Wifi yangu ana tabia moja inayoweza kumtoa mtu akili: hakubali kitu kwa sababu kimetokea mara moja. Ukimwambia mlango umegoma kufunguka, hakupi pole wala hakuulizi kama ulikuwa na haraka. Anakwambia, "Rudia." Ukimwambia mchuzi umeungua, anataka kujua ulianza na moto wa kiasi gani, ili na yeye auunguze vilevile. Ofisini kwetu jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Kuanzia mlinzi wa getini hadi bosi mwenyewe, wote wanamwita Rudia.

Nasema ofisini kwetu kwa sababu nami nipo palepale, meza ya mapokezi. Kazi hiyo niliipata kwa mkono wake, na tukigombana hachoki kunikumbusha. Ni mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa malori, leo huku kesho kule, kwa hiyo nyumbani mara nyingi tunabaki watatu: mimi, wifi na mama. Mapafu ya mama yamechoka. Analala na kuamka na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, kisanduku chenye magurudumu kinachonguruma kutwa kucha na kumpelekea hewa puani kwa mrija mwembamba. Nyuma ya mlango upo mtungi wa akiba, wa muda mfupi, kwa ajili ya umeme ukikatika. Bila hewa hiyo mama anaweza kukaa kidogo tu, kisha midomo yake inaanza kubadilika rangi. Rangi hiyo niliwahi kuiona na sitaki kuiona tena.

Sasa sikia kazi ya wifi. Kampuni yetu haitengenezi mashine za oksijeni, inatengeneza kinachokaa ndani yake. Wanakiita mashine pepe. Mama aliposikia jina hilo mara ya kwanza aliuliza kama ni pepe au pepo, maana kama ni pepo hatalala naye chumba kimoja. Wifi alicheka hadi akakaa chini. Akamweleza kwamba ni mashine isiyo na chuma wala bolti, maandishi matupu yanayojifanya mashine, ili programu iliyoandikwa mara moja ifanye kazi ndani ya kila kisanduku, kiwe cha kiwanda hiki au kile.

"Ni mkalimani, mama. Programu inasema, yeye anaiambia mashine."

"Na mkalimani akikosea?"

"Ndiyo kazi yangu mimi. Namtega mpaka akosee, kabla hajafika kwako."

Kumtega kwenyewe ni kumpa programu za kubuni, zisizo na kichwa wala miguu, moja baada ya nyingine, nyingi kuliko mtu angeweza kuziandika maisha yake yote. Zinaandikwa na kompyuta kwa kubahatisha. Na hapo ndipo ulipozuka ugomvi, kwa sababu kompyuta haijui kubahatisha. Mimi nilikuwa sijui hilo. Ukiiambia itaje namba yoyote tu, inakusubiri uiambie kwa njia gani. Kwa hiyo watu wanaiandikia kitoa namba. Unakipa namba ya kuanzia, wanayoiita mbegu, nacho kinatema nyingine na nyingine, zinazoonekana kama za bahati nasibu ingawa kila moja imezaliwa na ile iliyotangulia. Ni bahati ya bandia. Vitoa namba viko vya aina nyingi, na watu wazima wenye vyeti vyao wanaweza kununiana siku nzima kwa ajili ya kuchagua kimoja.

Bosi alitaka kitumike kile kilichokuja na kompyuta yenyewe, kinachochota mbegu kwenye saa. Kipo, kinafanya kazi, ya nini kujisumbua? Kipara, fundi aliyeiandika hiyo mashine pepe, mtu mpole asiyependa kelele, alipendekeza kimoja kikubwa cha kuaminika, ila kilikuwa kizito mno kwa kisanduku kidogo cha majaribio. Rudia alivikataa vyote viwili.

"Siku jaribio litakapoanguka nitataka kulirudia," alisema kikaoni, mimi nikipitisha chai. "Namba zilezile, kwa mpangilio uleule. Hiki cha saa kitanisaidia nini? Kosa litaonekana, litapotea, halafu mseme Rudia alikuwa anaota."

"Wewe unataka kipi?" bosi akauliza.

"Kidogo kuliko vyote. Zidisha namba iliyotangulia kwa namba moja, jumlisha nyingine, tarakimu zinazofurika zitupe. Mstari mmoja. Kila kompyuta itatoa majibu yaleyale, na mbegu tunaitunza."

Kipara alijikuna kichwa. "Hivyo vidogo vina tabia zake, Rudia. Ukichunguze kwanza."

Alikichunguza. Alizichora namba zake kwenye skrini, kitone kwa kitone, akaniita nitazame. Vitone vilikuwa vimetapakaa kama mchele uliomwagika sakafuni, hakuna mstari, hakuna duara. Akarudi kwa bosi, wakabishana mpaka sauti zikafika kwangu mapokezini, na mwisho bosi akainua mikono. Wifi alitoka mle chumbani kichwa kimevimba. Wiki nzima tuliimbiwa wimbo wa kitoa namba.

Majivuno hayo hayakuishia ofisini. Nyumbani sisi mawifi tulikuwa tunagombania vyombo. Mimi nasema jana niliosha, yeye anasema jana nilisuuza tu. Basi akakiweka kitoa namba chake simuni, kitufe kimoja. Kila asubuhi tunabonyeza: namba ikiwa witiri anaosha yeye, ikiwa shufwa naosha mimi, na aliyechaguliwa anabeba vyombo vya siku nzima. "Simu haina wifi wala mkwe," alisema. "Haimpendelei mtu." Nami nikiri kwamba ugomvi uliisha. Ilikuwa haki tupu.

Miezi ikapita. Kampuni ikaandaa toleo jipya la mashine pepe. Majaribio ya Rudia yakaendeshwa wiki tatu bila kuzimwa, na kwa wiki zote hizo taa kwenye skrini yake ilikuwa ya kijani. Akalipitisha. Tena akafanya jambo jingine, la kujiamini: akaomba mashine ya mama iwekwe kundi la kwanza la kupokea toleo. "Kama halimfai mama, halimfai mtu," alimwambia bosi, na bosi akapenda maneno hayo akayarudia kwa wageni. Mimi pia nilijisikia. Nilimwambia hata jirani.

Toleo lilipangwa kwenda saa sita mchana, kupitia laini za simu zilizomo ndani ya mashine zenyewe. Asubuhi ya siku hiyo tulikunywa chai haraka haraka, nikabonyeza kitufe, nikapatikana mimi. Nikasonya.

"Unasonya nini na wewe?" mama akaniuliza kutoka chumbani kwake. Mlango wake huwa tunauacha wazi. "Si ulijua?"

"Ningejuaje, mama?"

"Jana mwenzio, leo wewe, kesho mwenzio. Mimi nimelala hapa najua kabla hamjabonyeza. Sasa hiyo simu ina kazi gani? Si mngepokezana tu kama watu wengine?"

Nilicheka. Wifi hakucheka. Alikuwa anafunga kamba za kiatu, akabaki ameinama vilevile.

"Mama, imekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu mlipoanza kucheza nayo. Labda siku mnazobadilishana zamu ndipo mnajichanganya. Lakini simu ni hivyo hivyo, haijageuka."

Wifi akaichukua simu mkononi mwangu akabonyeza. Yeye. Akabonyeza tena. Mimi. Yeye. Mimi. Yeye. Mimi. Alibonyeza mpaka nikamshika mkono, maana uso wake ulikuwa umeanza kunitisha.

"Witiri mara witiri, jibu witiri," alisema, si kwangu, akikumbuka namba zake mbili za kuzidisha na kujumlisha, zote witiri. "Jumlisha witiri, inakuwa shufwa. Shufwa mara witiri, shufwa. Jumlisha witiri, witiri." Akakaa kwenye kiti. "Haiwezi kutoka humo. Itapokezana milele. Kichwa cha namba nilikichora, wifi. Mkia sikuuchora."

"Ni vyombo tu," nilimwambia.

"Kule kazini mkia ndio unaochagua."

Akanieleza huku tukitembea, karibu kukimbia. Katika majaribio yake kila namba ilifanya kazi mbili. Kichwa chake, tarakimu za mwanzo, kilichagua ukubwa wa vitu. Mkia ulichagua kitendo: shufwa, mashine pepe ipige hesabu; witiri, iruke, yaani iache pale ilipo iende sehemu nyingine ya programu. Kwa hiyo wiki zote zile mashine pepe ilikuwa imepewa hesabu, ruka, hesabu, ruka. Haikuambiwa hata mara moja iruke, na ikitua tu iruke tena. Majaribio yasiyohesabika, na jambo la kawaida kama hilo halikuguswa.

Nilitaka kumuuliza ilikuwaje mtu kama yeye asione, anaosha vyombo siku moja ndiyo siku moja siyo. Lakini mbona nami sikuona? Ukitendewa haki huulizi. Laiti simu ingenionea mara mbili mfululizo, ningepiga kelele asubuhi hiyohiyo na mtaa mzima ungejua.

Mama tulimwacha na jirani, ambaye hushinda naye tukiwa kazini. Kabla ya kutoka nilimwonyesha tena jinsi ya kufungua mtungi wa akiba, ingawa anajua, na mama akaniambia niache kumfundisha mtu mzima.

Ofisini bosi alikuwa chumba cha mikutano na wageni, watu wa hospitali kadhaa waliokuja kuona toleo likiondoka. Chumba kile ukuta wake mmoja ni wa kioo. Rudia aliingia bila kubisha, akamnong'oneza, nao wakatoka kwenye korido. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sinia la chai kwa kisingizio cha kazi.

"Wiki tatu kijani," bosi alisema. Anapokasirika sauti yake inashuka badala ya kupanda.

"Kijani cha uongo. Kitoa namba kilikuwa kinapokezana. Kuna njia nzima hatukuipita."

"Umeona kosa?"

"Bado."

"Huna kosa, una wasiwasi. Na kwa wasiwasi niwaambie watu waliosafiri kutwa nzima warudi kwao? Hicho kitoa namba ulikipigania wewe mwenyewe. Ulinifokea mbele ya watu."

"Nilikosea," wifi akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, hata siku aliyounguza kwa pasi shati la kaka la harusi ya rafiki yake. Bosi naye hakulitegemea. Alitazama saa yake, akatazama wageni nyuma ya kioo.

"Saa sita toleo linaondoka. Ukinionyesha kosa kabla ya hapo nalisimamisha. Usiponionyesha, linakwenda." Kisha akapunguza sauti zaidi. Bosi si mtu mbaya. Mama alipotoka hospitali alikuja kumjulia hali na kapu la matunda, akakaa kitandani kwake wakacheka. "Kuhusu mama, naweza kuitoa mashine yake kwenye kundi. Dakika hii hii."

"Itoe!" nilisema. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisema.

"Usiitoe," akasema Rudia.

"Wifi!"

"Ukiitoa utatulia, bosi. Sitaki utulie."

Bosi akarudi ndani kwa wageni. Nami hapo koridoni nilimchukia mke wa kaka yangu kwa moyo wangu wote. Nilimfuata nikamwambia usoni, "Yule ni mama yangu. Si wako."

"Najua," alinijibu, akaingia kwenye chumba cha mafundi.

Nilimpigia jirani simu nikiwa nimejificha chooni. Nikamwambia ikifika saa sita amhamishie mama kwenye mtungi. Akauliza kwa nini, nikasema kwa tahadhari tu. Akauliza mpaka lini, na hilo sikuwa na jibu lake, kwa sababu mtungi wenyewe hauna maisha marefu na kisanduku kikishalipokea toleo kimelipokea. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilinawa uso nikaenda kwa mafundi, meza ya mapokezi nikaiacha ijipokee yenyewe.

Juu ya meza ya Kipara kulikuwa na kisanduku cha majaribio, ndugu yake yule wa mama, rangi ileile, mngurumo uleule. Mrija wake ulikuwa umetumbukizwa kwenye glasi ya maji ili mtu aone kwa macho kwamba hewa inatoka. Mapovu yalikuwa yanapanda. Kipara alimsikiliza wifi mpaka mwisho, hakusema "si nilikwambia," ambalo mimi ningelisema mara tatu. Alivuta tu kiti chake pembeni ampishe.

Rudia alibadilisha mstari mmoja: kitendo sasa kichaguliwe na kichwa cha namba, mkia utupwe. Akaweka mbegu, akaendesha. Kijani.

"Tena," akajisemea. Mbegu nyingine. Kijani.

Ya tatu kijani. Ya nne kijani. Saa ya ukutani katika chumba kile ina mshale mwekundu wa sekunde unaotembea kwa kuruka, na mimi nilianza kuuchukia na wenyewe. Kutoka chumba cha mikutano tulisikia wageni wakicheka, bosi bila shaka anawasimulia kisa fulani cha kuvuta muda. Jasho jembamba lilimtoka wifi juu ya mdomo. Kila programu ya kubuni ilipopita salama, mabega yake yalishuka kidogo zaidi.

"Huenda hakuna kosa," Kipara alisema taratibu. "Huenda niliiandika vizuri."

"Huenda."

"Ukiwa umekosea mara mbili, bosi atakula nyama yako mbichi."

"Ale. Tena."

Nilikuwa katika hali ya ajabu. Nilikuwa namwomba Mungu kosa lipatikane ndani ya kitu kinachompa mama yangu pumzi. Halafu nikikumbuka ninachoomba, naomba lisipatikane. Skrini sikuielewa, kwa hiyo macho yangu yote yalikuwa kwenye glasi. Mapovu. Mapovu. Zimebaki dakika chache. Mapovu.

Kisha maji yakatulia.

"Mbona imenyamaza?" niliuliza.

Mafundi wote wawili walikuwa wanatazama skrini, ambayo bado ilikuwa ya kijani. Waligeuka. Mashine ilikuwa imesimama kabisa, na king'ora, ambacho kazi yake ni kulia mashine ikisimama, hakikulia. King'ora nacho kinaongozwa na mkalimani yuleyule. Hapo tu ndipo skrini ikageuka nyekundu.

"Usiguse kitu!" wifi alipiga kelele. Alisoma mbegu kwa sauti, Kipara naye akaisoma, ili isipotee. Mimi nilikuwa nimeshafika mlango wa chumba cha mikutano. Sikumbuki kama nilibisha. Nakumbuka nilisema, "Njoo uone mapovu," na wageni wakanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kisha wakaja nao, maana mtu hukimbilia pale anapoona wenzake wanakimbilia.

Bosi alisimama mbele ya glasi iliyotulia. "Inaweza kuwa waya."

"Inaweza," wifi akasema. Aliizima mashine akaiwasha, mapovu yakarudi. Akaingiza mbegu ileile. Mapovu yalipanda kwa muda, nikaanza kuogopa kwamba yataendelea kupanda, kwamba kosa limekuja likaenda zake. Kisha yakakoma, na king'ora kimya.

"Fanya tena," bosi akaamuru.

Akafanya tena. Yakakoma palepale.

Kama tungetumia kile cha saa alichokitaka bosi, tungeyaona mapovu yakikoma mara moja tu, na yeye angesema waya mpaka kesho. Kitoa namba cha wifi kilikuwa na mkia mbovu, lakini kilikuwa na kumbukumbu. Bosi alilielewa hilo, nililiona usoni pake. Akatoa simu mfukoni akasema maneno mawili, "Simamisha. Sasa," na mshale mwekundu ukaendelea kuruka hadi saa sita na kuipita.

Mmoja wa wageni, daktari mwanamke wa makamo, alikuwa ameinama anaitazama glasi. "Hili linatokea wakati gani? Kwa mgonjwa, namaanisha."

Kipara alikuwa ameshafungua programu ya mashine ya oksijeni na anaishusha kwa kidole. "Kuna sehemu moja tu inaruka mara mbili mfululizo," alisema. "Umeme ukikatika halafu ukarudi. Ingejaribu kuwaka, ingekwama."

"Kimya kimya?"

"Kimya kimya."

Daktari akanyooka. "Nani alilipitisha hili toleo?"

Bosi alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema jambo la kuwaficha mafundi wake wote wawili, maana viongozi wanajua kusema "kampuni" pale panapotakiwa jina. Lakini wifi alimtangulia.

"Mimi," alisema. "Nilichagua mimi, nikapitisha mimi."

Daktari alimwangalia, akaangalia kile kisanduku, akashika mkoba wake. Wageni waliondoka chai haijaisha. Mchana ule bosi hakusema na Rudia hata neno, na jioni aliongea naye sana, mlango umefungwa. Kazi hakumfukuza. Alichomwambia sikijui hadi leo, ila wifi alitoka macho mekundu akaniomba leso.

Nilimpigia jirani amrudishe mama kwenye mashine. Mama akamnyang'anya simu. "Mnanitia wasiwasi mtu mzima na mitungi yenu! Toleo limefika?"

"Halijafika, mama."

"Haya. Na vyombo vyangu mmeviacha mezani, nzi wanafanya harusi."

Jioni tulirudi nyumbani pamoja. Mimi hasira ilikuwa haijaisha na sikuona sababu ya kujifanya imeisha. Tulipokaribia nyumbani nikamwambia, "Ungekubali amtoe."

"Angemtoa, na wewe ungetulia pia," wifi alinijibu. "Ungekuwa mezani kwako unapokea watu. Nani angeitazama ile glasi?"

Alipofika hakuvua hata viatu. Aliingia kwa mama akapiga magoti kando ya kitanda akamwambia yote, mkia, kichwa, kundi la kwanza, yote. Mama alimsikiliza huku mrija ukimpuliza puani. Kisha akamwekea mkono kichwani akauacha hapo, na mimi nikatoka nje kidogo, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wifi yangu aone.

Toleo lililorekebishwa lilikuja baada ya wiki kadhaa. Safari hii Rudia alichora kichwa, akachora mkia, akachora na vya katikati, na Kipara akachora vyake kivyake ndipo wakalinganisha. Mashine ya mama iliingia kundi la kwanza, kwa amri ya mama mwenyewe, aliyesema hawezi kuwa mwoga kuliko mkwe wake. Na cha simuni nacho kikarekebishwa.

Asubuhi ya kwanza kilinichagua mimi. Ya pili, mimi. Ya tatu nilibonyeza nimefumba macho: mimi.

"Inanionea hii!" nilipiga kelele.

"Hiyo ndiyo bahati, wifi yangu," akasema, akijipaka mafuta ya mikono taratibu kwa makusudi. "Haikujui wala hainijui."

Basi jioni ya siku hiyo ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye sinki, mikono imezama kwenye povu mpaka viwiko, nikimtukana yeye na simu yake chini kwa chini, na mashine ya mama ikinguruma ng'ambo ya ukuta. Umeme ukakatika. Mngurumo nao ukakatika. Nilimsikia wifi akiinuka sebuleni kwa kishindo, akikimbilia mtungi. Nikaacha kuosha, nikasimama na sahani mkononi. Taa zikarudi. Ng'ambo ya ukuta kimya. Kimya tena. Halafu ikakohoa, ikashika, ikanguruma.

Mama akaniita kutoka chumbani.

"Mbona sisikii maji? Vyombo vimekwisha?"

"Bado, mama," nilisema, na nikaendelea kuosha.